Boksi Lililomeza Vibanja

Jumatatu, 14 Julai

Swali nililoipa kompyuta limekufa tena. Nililianzisha saa mbili, saa sita kasorobo umeme ukakatika, betri ya akiba ikalia kidogo ikanyamaza. Asubuhi nzima bure. Nimelianzisha upya nikaenda kunywa chai. Nzi wawili kwenye kikombe. Nimewatoa kwa kijiko nikainywa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipofikia.

Meneja Projestus amekuja mezani kwangu mara tatu. Anasimama nyuma ya kiti, anapumua, ananukia marashi makali kama sabuni ya choo. Anataka kujua kwa nini kompyuta inachelewa kuliko karani wa zamani mwenye daftari. Nimemweleza polepole. Vibanja, yaani mashamba, vya wanachama wa chama chetu cha kahawa ni maelfu, Karagwe na Kyerwa. Kila kimoja kilizungukwa kwa miguu, simu mkononi, kona kwa kona, umbo lake likaingia kwenye mfumo. Mpaka wa msitu wa hifadhi nao umo. Huo una kona nyingi mno, unafuata kila kilima na kila bonde. Wanunuzi wa ng'ambo hawataki kahawa iliyolimwa ndani ya msitu. Kwa hiyo mfumo unachukua kibanja kimoja kimoja na kukipima na kila kona ya hifadhi. Hata cha Bweranyange, kilicho mbali kabisa na msitu huo, nacho unakipima kona zote. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo fundi alivyotuachia.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema wageni, hao wanunuzi, wanakuja Ijumaa.

Jumanne, 15 Julai

Siku njema, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

Nimeweka faharasa. Kila kibanja nimekivika boksi, mstatili mdogo kabisa unaoweza kukizunguka. Hifadhi nayo ina boksi lake. Hatua ya kwanza, mfumo unauliza maboksi tu: lipi linagusa lipi? Yasiyogusana unayatupa papo hapo, bila kuhesabu kona hata moja. Hatua ya pili, yaliyobaki yanatazamwa kwa umbo lao la kweli.

Hatua ya kwanza: sekunde nane. Nilicheka peke yangu ofisini. Bweranyange yote imeondoka, Rugera yote imeondoka.

Hatua ya pili bado ni mzigo. Hifadhi imepinda kama mundu. Ukiizungushia mstatili, tumbo lote la mundu linaingia, na humo tumboni kuna watu, migomba, shule, makanisa. Hakuna msitu. Sehemu kubwa ya Kimuli imo. Wote hao wanabaki wakisubiri kutazamwa kona kwa kona. Inachukua karibu saa mbili, kama umeme haujakatika.

Umekatika.

Jumatano, 16 Julai

Projestus ameuliza hatua ya kwanza peke yake inachukua muda gani. Nikamwambia. Macho yakamng'aa.

Nimemwambia boksi si hifadhi. Boksi linasema labda. Anayeligusa huenda yumo hifadhini, huenda yuko mbali nayo. Nikachora kwenye karatasi, mundu ndani ya mstatili, nikaweka nukta tumboni. Nikamwambia hii nukta ni mtu.

Akaigeuza karatasi, akaandika upande wa nyuma namba ya simu ya mpishi wa Ijumaa.

Amesema wageni watazame mfumo ukijibu haraka, basi. Marekebisho baadaye. Amesema afadhali kuwazuia wengi kuliko kumpitisha mmoja mwenye kosa. Nilijua jibu la hilo. Sikulitoa. Mkataba wangu unaisha Septemba.

Nikaizima hatua ya pili. Mstari mmoja tu wa maandishi, nikaweka alama mbele yake ili mfumo uuruke. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Ijumaa, 18 Julai

Wageni wanne, viatu visafi. Projestus amevaa tai. Nilibonyeza, sekunde nane, ramani ikajaa kijani na nyekundu. Wamepiga makofi. Mmoja aliuliza kama matokeo yana uhakika. Projestus akajibu kabla sijafungua mdomo. Akasema mia kwa mia.

Nilitabasamu. Niandike hilo hapa, maana hakuna mahali pengine nitakapoliandika: nilitabasamu, na makofi niliyapenda.

Chakula cha mchana kilikuwa ndizi na mbuzi. Wageni walibakiza sahani nusu nusu. Projestus alikula masalio yao walipokuwa wakipiga picha nje, kwa vidole, akilamba. Sijawahi kuona kinyaa cha namna ile. Halafu nikawaza, mimi na yeye leo tumekula chungu kimoja.

Jumanne, 22 Julai

Nimetoka Kimuli. Siwezi kukaa kitako.

Nilitumwa kurekebisha simu ya kituo cha kununulia. Pikipiki, vumbi hadi kwenye meno. Nikakuta watu mlangoni pa ghala wakisoma karatasi. Kurasa zangu. Majina yaliyotoka kwenye boksi, yote, kama nilivyoyaacha. Juu mtu ameandika kwa herufi kubwa: WALIO NDANI YA HIFADHI. Si "wanaosubiri kuhakikiwa". Wala si "labda". Projestus aliituma Jumamosi vituoni bila kuniambia. Nakala imefika hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Karani hapokei kahawa ya yeyote aliyemo. Magunia yamerudi kwenye baiskeli.

Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia lake, hataki kulirudisha. Anaitwa Verediana. Mjane. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama mimi ni wa ofisini. Nikasema ndiyo. Kiswahili chake kinachanganyika na Kinyambo, lakini hakuna neno nililolikosa. Baba mkwe wake alitoka Rwanda akiwa kijana, akafyeka kichaka, akapanda kahawa. Mume wake alizaliwa katika kibanja hicho na amezikwa hapo hapo. Jirani yake, Deusi, hayumo kwenye orodha. Wanatenganishwa na mstari wa milamula tu, ile mimea ya mpaka ambayo kila mtu hapa anaiheshimu. Deusi tayari amemwambia kwamba mvamizi hana mpaka.

Akaniuliza: "Mwanangu, huo mpaka wa msitu unapita wapi? Mimi naishi pale miaka yote. Nionyeshe niuone."

Nilifungua ramani kwenye simu. Ukingo wa boksi unashuka kutoka kaskazini hadi kusini, umenyooka kama rula, unapita palepale kwenye milamula. Hakuna mto unaonyooka hivyo. Hakuna msitu unaonyooka hivyo. Mtu mwenye akili angeutazama mara moja akajua ni uongo. Upande huu Deusi, upande ule Verediana.

Nikamwambia nitakwenda kuangalia. Nikaandika namba yangu kwenye kipande cha karatasi. Hakuna zaidi. Mwoga.

Njiani nilimwomba dereva asimame. Nikatapika kando ya barabara. Nimesingizia vumbi.

Jumatano, 23 Julai

Sikusubiri ruhusa. Nimefika ofisini saa moja, nikaiwasha hatua ya pili.

Halafu nikafanya kitu ambacho ningefanya wiki iliyopita kama ningekaa nikafikiri badala ya kusikiliza makofi. Nimeikata hifadhi vipande vidogo. Umbo moja kubwa lenye kona zisizohesabika sasa ni vipande vingi, kila kimoja kona chache na boksi lake dogo linalokibana. Tumbo la mundu likabaki wazi. Kibanja cha Kimuli sasa kinakutana na kipande kilicho jirani yake tu, au hakikutani na chochote.

Dakika tatu. Swali zima, hatua zote mbili, jibu la kweli. Dakika tatu.

Nimekaa nikiitazama ile namba. Haikuwahi kuwa lazima tuchague kati ya haraka na haki. Ilitakiwa saa moja ya kutumia akili. Nilikuwa nayo hiyo saa. Niliitumia kupanga viti vya wageni.

Karibu majina yote yametoka kwenye nyekundu. Yamebaki ya watu wachache ambao kweli wamelima ndani ya msitu, kwenye mteremko, na hao sijui nitawaambia nini. Verediana hayumo. Kutoka kwake hadi msituni ni mwendo wa kuchoka.

Alhamisi, 24 Julai

Projestus amekataa.

Hakukataa kwa kelele. Alisoma orodha mpya, akaisifu, akaiweka kwenye droo. Amesema ya kwanza imeshakwenda kwa wageni. Tukisema leo kwamba ilikuwa na makosa, watauliza mangapi mengine yana makosa. Tutarekebisha msimu ujao, kimyakimya, hakuna atakayeona. Nikamwambia msimu huu kuna watu wamekaa juu ya magunia. Akasema wataiuza kwa walanguzi, siku zote wanajua njia.

Alikuwa akichokonoa meno kwa pembe ya kitambulisho chake cha kazi. Anaifuta kwenye suruali, anarudia. Nilitazama ile pembe ya plastiki ikiingia na kutoka. Nikaondoka kabla sijasema neno la kunifukuzisha. Hilo nalo linanichukiza. Kila siku naondoka kabla.

Jumamosi, 26 Julai

Niko dukani kwa mama, Kayanga. Nimemsaidia kupanga vitenge. Nilikuwa namsimulia habari za orodha, naye akaendelea kukunja. Kisha akanikumbusha kwamba babu alifika hapa kutoka Tanga na mafurushi ya kanga, hajui hata neno moja la watu wa huku. Sisi pia tulikuja. Hakuna aliyetubandika ukutani. Halafu akamhudumia mteja.

Saa tisa simu ikalia. Verediana. Anaongea taratibu, kama mtu anayesoma. Deusi ameng'oa milamula asubuhi. Ameingiza ng'ombe. Mikahawa ya mstari wa mwisho ameikata kwa panga, ile aliyoipanda baba mkwe. Watu walikuwepo wakitazama. Mmoja aliwaambia, yeye na binti yake, warudi kwao Rwanda. Binti alirushiwa bonge la udongo. Mwenyekiti amesema mkono wake umefungwa na karatasi ya chama, kesho baada ya misa kuna mkutano wa kitongoji.

Alipomaliza akauliza kama nimeshaangalia.

Nimekuwa na jibu tangu Jumatano. Siku tatu liko kwenye mkoba wangu.

Jumapili, 27 Julai

Nilikwenda. Nilichapisha ramani ofisini asubuhi, nina ufunguo. Bila kibali. Mhuri sikuugusa.

Watu walikuwa wengi, nje ya darasa la shule, wanawake nyasini, wanaume kwenye madawati yaliyotolewa nje. Deusi alikaa mbele. Nilitegemea jitu lenye sura mbaya. Ni mtu mwembamba mwenye kikohozi, amevaa koti la kanisani. Hilo limenisumbua zaidi kuliko kama angekuwa jitu.

Mwenyekiti akanipa nafasi. Nikasema: "Orodha iliyobandikwa ghalani niliitengeneza mimi. Si ya kweli."

Nikafungua ramani. Nikawaonyesha mundu na boksi. Niliogopa hawataelewa. Walielewa haraka kuliko meneja. Mzee mmoja alisema ni kama kuzungushia ukuta mtaa mzima kwa sababu mwizi anaishi humo, kisha kumwita kila mmoja mwizi. Nikasema ndivyo hasa. Nikasoma majina yaliyotolewa, moja moja. Ilichukua muda. Kila jina likitajwa mtu alishusha pumzi mahali fulani.

Sikuyasoma majina ya wale wachache wa mteremkoni. Nilisema nitawatembelea mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwepo. Nilimjua kwa jinsi alivyotazama chini.

Deusi akasimama, akasema yeye aliamini karatasi ya serikali. Nikamwambia haikuwa ya serikali. Akasema karatasi ni karatasi. Watu wakaguna. Hakuomba radhi. Akakaa, akakohoa.

Kisha Verediana akanyanyuka. Hakunitazama kwa hasira. Heri angekuwa na hasira.

"Ulipoitoa ile orodha," akauliza, "ulikuwa unajua?"

Kulikuwa na majibu mengi. Meneja. Wageni. Umeme. Mkataba. Yote yakanijia mdomoni yakiwa na ladha ya ile chai.

"Nilijua," nikasema.

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake kwamba mpaka wa milamula unarudishwa palepale na Deusi anaitwa baraza la kata kwa ajili ya mikahawa. Watu wakatawanyika. Hakuna aliyenikaribisha maji, na sikustahili.

Jumatatu, 28 Julai

Projestus alikuwa na habari kabla sijafika. Alinifungia mlango, akaniita msaliti. Povu jeupe limejikusanya pembeni mwa midomo yake, na nilijikuta nalitazama hilo tu. Anataka barua ya maelezo kabla ya jioni. Nimeiandika. Nimeeleza hatua ya kwanza, hatua ya pili, nani aliomba ya pili izimwe, nani aliizima. Jina lake, jina langu. Nakala nimepeleka kwa bodi ya chama na kwa wageni. Nilisita kwenye ya wageni kwa muda wa kupiga chafya moja. Nikaituma.

Naona kinyaa na vidole vyangu ninapoandika. Ni vile vile vilivyoweka ile alama.

Alhamisi, 31 Julai

Wageni wamejibu kwa mistari miwili. Wanashukuru kwa uwazi, wanaomba orodha sahihi. Basi. Hayo ndiyo maafa aliyoyaogopa Projestus. Watu wamerudishwa na magunia yao, wamekatiwa kahawa, mtoto amerushiwa udongo, ili kukwepa mistari miwili ya heshima.

Bodi imemhamishia ghala la mbolea. Hajafukuzwa. Nimemkuta uani akicheka na madereva, amewaambia nimemponza kwa wivu. Wakanitazama. Mmoja akatema mate karibu na kiatu changu, sijui kwa makusudi au la.

Mimi nimebakishwa hadi Septemba. Baada ya hapo hawakusema.

Orodha imebanduliwa Kimuli. Karani alinipigia. Amesema gundi imeng'ang'ania, kipande cha juu chenye maneno makubwa hakikutoka, wamekikwangua kwa panga na rangi ya mlango imetoka nacho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekuwa mteremkoni siku mbili. Kaya sita zilizo ndani kweli. Nimewaeleza wote kitu kile kile, kwamba jibu lao halibadiliki. Mmoja alinifukuza. Mwingine akanipa kiti, akasikiliza, akauliza kama ningeweza kulikata lile umbo vizuri zaidi ili atoke. Nikasema haliwezi kukatika hivyo. Akasema anajua, aliuliza tu. Bodi imekubali kuwatafutia miche ya kupanda nje ya msitu. Imekubali kwa mdomo. Nimewaambia wanabodi waiandike ahadi hiyo. Sina imani tena na mdomo wa mtu yeyote mwenye meza.

Deusi hakwenda barazani. Ameitwa tena.

Alhamisi, 14 Agosti

Kimuli. Mvua ya asubuhi, kisha jua.

Kahawa ya Verediana ilipokelewa juzi. Leo nimekwenda kukizunguka kibanja chake upya. Mfumo haukuhitaji. Mimi ndiye niliyeomba, akakubali.

Alitangulia, mimi nyuma na simu. Kwenye kila kona alisimama akinisubiri nibonyeze, kisha akaendelea. Tulipita migombani, tukapita kaburi la mume wake, tukafika upande wa Deusi. Visiki vya mikahawa vimeanza kuingiwa na mchwa. Milamula mipya imeshapandwa, bado imelegea, majani mawili mawili. Kuvuka pale, Deusi alikuwa anapalilia maharage. Alitusikia. Hakuinua kichwa.

Kona ya mwisho, umbo likafunga. Skrini ikauliza jina la mmiliki. Nikaanza kuandika lake.

Akaniwekea mkono kwenye kiwiko. Akasema niongeze na la binti yake, Ansila. Akanitajia herufi moja moja. Nilipokosea moja akanirudisha. Kisha akainama karibu na skrini, akalisoma taratibu hadi mwisho, akasubiri hadi nilipohifadhi.

Halafu akashika njia ya nyumbani.